Safari Ndefu ya Kayaki: Uskoti au Inside Passage?

Mtu anayetaka safari ndefu ya kayaki baharini, ya wiki mbili au zaidi, akilala ufukweni na kubeba chakula chake mwenyewe, atasikia pwani mbili zikitajwa mara nyingi kuliko nyingine. Ya kwanza ni pwani ya magharibi ya Uskoti. Ya pili ni Inside Passage, njia inayopenya kati ya visiwa na bara kuanzia jimbo la Washington, Marekani, ikapita pwani yote ya British Columbia nchini Kanada na kuishia kusini-mashariki mwa Alaska. Zote mbili ni pwani za mawe, zimekatwakatwa na hori na milango ya bahari, zimejaa visiwa, na mvua yake haina msimu. Kwenye picha zinafanana sana, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akichagua kwa picha.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: bahari ikiharibika saa sita mchana, utatokea wapi? Ufuko wa kutua uko umbali gani, na ukishatua, nyuma yake kuna barabara, kituo cha treni na duka, au kuna msitu mtupu? Hapo ndipo pwani hizi mbili zinapoachana. Mengine yote, kuanzia uzito wa chakula hadi aina ya simu utakayobeba, yanafuata jibu hilo.

Unachokijua tayari, na usichokijua

Msomaji aliyekulia Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja au Kilwa anaanza na faida. Wenzetu wengi wa Ulaya hujifunza kupwa na kujaa wakiwa watu wazima, darasani. Wewe unajua kwamba bamvua hufuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwamba siku za maji mafu mkondo hulegea, na kwamba kwenye mlango wa hori, maji yakiwa yanatoka na upepo unaingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika ovyo. Kwetu tofauti ya kimo kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua ni mita 3 hadi 4. Pale Oban, mji ambao safari nyingi za Uskoti huanzia, haipishani sana na hiyo. Ukienda Prince Rupert, kaskazini mwa British Columbia, inafika mita 7.

Kule Kanada kuna jambo jingine ambalo mazoea ya pwani yetu hayakuandai. Kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na vimo vya mara hizo mbili hukaribiana. Kwenye Bahari ya Pasifiki upande huo havilingani: moja linaweza kulizidi jingine kwa kiasi kikubwa. Ukipiga hema kwa kutazama mstari wa mwani mbichi ulioachwa na maji ya mchana, ya usiku yanaweza kukukuta ndani ya mfuko wa kulalia. Wazoefu hutazama juu zaidi, kwenye magogo makavu yaliyolala chini ya miti, kisha hufungua jedwali la maji na kusoma kimo cha usiku huo kwa namba. Siku za bamvua baadhi ya fuko humezwa zote, hakibaki hata kipande cha mchanga cha kuwekea jiko.

Usichokijua ni baridi. Maji ya Zanzibar huwa kati ya nyuzi 25 na 29. Magharibi mwa Uskoti maji ni nyuzi 7 au 8 mwezi Machi, na hata Agosti hayazidi sana 13 au 14. Sehemu kubwa ya Inside Passage iko kwenye viwango hivyo hivyo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu ndani ya maji ya namna hiyo, amelifupisha jambo hili katika namba tatu: dakika 1 ya kuudhibiti mpumuo, dakika 10 za kuweza kutumia mikono yako kwa kazi yoyote ya maana, na saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Zitazame vizuri hizo dakika 10. Hazikuulizi kama unajua kuogelea. Zinakuuliza kama utaweza kurudi ndani ya kayaki na kutoa maji kabla vidole havijaacha kukutii.

Kwa hiyo, pwani yoyote utakayochagua, suti kavu ndiyo ya kwanza kununuliwa, kabla hata ya hema. Ni ile yenye mpira shingoni na kwenye vifundo vya mikono, isiyoingiza maji. Na mazoezi ya kupinduka na kurudi uyafanyie kwenye maji baridi, kayaki ikiwa na mzigo, mwenzako akiwa pembeni. Kufanya zoezi hilo Nyali au Msasani kunafundisha mikono, lakini hakufundishi mapafu, na ni mapafu yanayogoma kwanza.

Uskoti: pwani yenye pa kutokea

Nianze na reli, kwa sababu ni jambo ambalo wageni hawalitarajii. Kwenye pwani ya magharibi ya Uskoti reli inafika baharini mahali kadhaa, zikiwemo Oban, Mallaig na Kyle of Lochalsh. Ukianzia Oban kuelekea kaskazini, umbali kutoka kituo kimoja hadi kingine ni siku chache za kupiga kafi. Mtu aliyeumia bega au aliyemaliza likizo anaweza kuiacha kayaki kwa mwenye nyumba ya wageni, akapanda treni, na kuifuata baadaye kwa gari. Vituo vya mashua za uokoaji za RNLI, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1824 na inayotegemea sana watu wa kujitolea, viko Oban, Tobermory, Mallaig, Kyle na Portree, vyote karibu na njia utakayopita.

La pili ni sheria. Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita na kulala kwenye sehemu kubwa ya ardhi na fuko, ilimradi aifanye kwa uangalifu: asilale uani kwa watu, asiharibu mazao, asiache takataka. Huombi kibali, hulipi, na huhitaji kupanga miezi kabla utalala wapi. Kwa msafiri wa kayaki jambo hili lina thamani kubwa sana, kwa sababu mahali pa kulala huamuliwa na upepo wa siku hiyo. England haina haki pana namna hii, kwa hiyo usidhani Uingereza yote iko hivyo.

Njia zenyewe ni za kuchagua. Anayeanza ana Argyll Sea Kayak Trail, kiasi cha kilomita 150 kutoka Ganavan, jirani na Oban, hadi Helensburgh. Njia hii hupita kwenye Mfereji wa Crinan, uliofunguliwa mwaka 1801, wenye urefu wa kilomita 14, unaokuepusha na mzunguko mrefu wa rasi ya Mull of Kintyre. Penye malango ya mfereji unatoa kayaki majini na kuivuta kwa kigari kidogo cha magurudumu mawili. Ni kazi, lakini huwezi kuzama, na siku ya upepo mkali nje utashukuru kuwa na kilomita 14 za maji yaliyotulia.

Anayetaka safari ndefu zaidi anaweza kutoka Oban hadi Ullapool, kilomita 250 hadi 300 kutegemea unavyofuata kona. Hapa unapita mlango wa Mull, unazunguka rasi ya Ardnamurchan ambako hakuna tena kisiwa cha kukukinga na mawimbi ya Atlantiki, unafika Mallaig, kisha unaingia Kyle Rhea, mlango mwembamba kati ya bara na kisiwa cha Skye.

Kyle Rhea nitaikalia kidogo, kwa sababu inaonyesha safari ya Uskoti ilivyo. Wakati wa bamvua mkondo pale hukaribia kilomita 15 kwa saa. Kayaki iliyobeba mzigo huenda kilomita 5 au 6. Hesabu imekwisha: huwezi kushindana nao, unausubiri. Unatua kwenye mawe upande wa kusini, unakunywa chai, unatazama mwani. Maji yakikukimbilia, majani marefu ya mwani hulala yote yakielekeza kwako. Polepole yanainuka, yanasimama wima, yanayumba bila kujua upande, halafu yanaanza kulala kuelekea kaskazini. Hapo unaingia. Dakika kumi baadaye milima inapita pembeni kana kwamba uko ndani ya gari, na unachofanya ni kuiweka omo sawa na kuepuka ukingo ambapo maji yanayokwenda yanasuguana na yanayorudi nyuma, kwa sababu ndipo kayaki hupinduka. Unakipita kivuko kidogo cha Glenelg, ambacho sitaha yake bado huzungushwa kwa mikono ili magari yashuke. Ukikosea saa, hakuna balaa: unakaa upande wa kusini saa sita nyingine.

Hilo la mwisho halihusu Corryvreckan, kati ya visiwa vya Jura na Scarba. Mkondo pale unafika kama kilomita 16 kwa saa, unapita juu ya kilele cha mwamba kilicho chini ya maji, na upepo wa magharibi ukiukuta, bahari yote inachemka na maji kujizungusha. Ngurumo yake husikika mbali. Kuna watu wanaovuka siku ya maji mafu, hewa ikiwa shwari, katika muda mfupi wa maji kusimama, wakiwa na mwenyeji. Msafiri aliyebeba mzigo wa wiki mbili hana sababu ya kwenda huko. Kuna njia za ndani, nazo zina mikondo ya kutosha kukufundisha.

Ubaya wa Uskoti ni miwili. Wa kwanza ni usubi. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, jioni isiyo na upepo, hutoka kwenye nyasi mbichi kwa maelfu, huingia masikioni na chini ya kofia. Chandarua cha kichwa si anasa. Chagua kulala kwenye ncha ya kisiwa inayopigwa na upepo, hata kama ghuba ndogo nyuma yake inapendeza zaidi. Kupe nao wapo kwenye nyasi ndefu na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jikague kila usiku. Wa pili ni hali ya hewa yenyewe. Mifumo ya mvua na upepo kutoka Atlantiki hufuatana hata kiangazi, na siku mbili za kukaa hemani ni za kawaida. Mei na Juni mara nyingi ndiyo miezi bora: mchana una saa 17 au 18, usubi haujakolea, na mvua ni pungufu kuliko Agosti.

Inside Passage: kilomita nyingi, watu wachache

Hapa vipimo vinabadilika. Mbio za vyombo vya majini za R2AK (Race to Alaska), zilizoanza mwaka 2015 na zinazokataza injini, hutoka Port Townsend, Washington, hadi Ketchikan, Alaska: maili 750, yaani kama kilomita 1,200. Wapo waliozimaliza kwa kayaki. Msafiri wa kawaida akihesabu kilomita 30 kwa siku, na kuongeza siku za kukaa kusubiri upepo, anahitaji wiki sita au zaidi.

Si lazima uifanye yote. Kipande ninachokipendekeza ni kutoka Port Hardy, kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver, hadi Prince Rupert, kama kilomita 500, kwa sababu miji hiyo miwili imeunganishwa na meli ya BC Ferries, na kayaki hupandishwa humo. Unakwenda kwa kafi na kurudi kwa meli, au unaanza na meli na kurudi ukipiga kafi. Pia unaikwepa Seymour Narrows iliyoko kusini zaidi, ambako mkondo unafika kilomita 28 kwa saa. Huko ndiko tarehe 5 Aprili 1958 serikali ya Kanada ilikolipua mwamba wa Ripple Rock uliokuwa umezamisha vyombo vingi, mlipuko uliokuwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote isiyo ya nyuklia. Mwamba ulikatwa kichwa, lakini mkondo haukupungua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba visiwa vikubwa, vyenye misitu ya mierezi na misonobari mpaka ukingoni mwa maji, vinakukinga na bahari kuu kwa sehemu kubwa. Ugumu ni pale kinga inapokatika. Ukitoka Port Hardy unakutana mapema na Cape Caution, rasi iliyopewa jina hilo na nahodha Mwingereza George Vancouver mwaka 1793, ambapo mawimbi ya Pasifiki huingia bila kizuizi na kupasukia kwenye miamba. Fuko za kutua zipo, lakini baadhi hupigwa na mawimbi makubwa. Unavuka asubuhi na mapema kabla upepo wa kaskazini-magharibi haujaamka, na kama redio imetaja upepo, huvuki. Kaskazini zaidi, kwa anayeendelea Alaska, kuna Dixon Entrance, ambayo ni wazi vivyo hivyo.

Sasa rudi kwenye swali langu la mwanzo. Kati ya Port Hardy na Bella Bella ni zaidi ya kilomita 150 bila mji. Bella Bella ni makao ya watu wa Heiltsuk, moja ya jamii za wenyeji wa asili. Mbele yake kuna Klemtu, kisha Hartley Bay, kijiji cha Wagitga'at, halafu Prince Rupert. Vijiji hivi havina barabara ya kwenda mjini. Hufikiwa kwa boti au ndege ya majini. Kati yake ni mawe na miti, na mara nyingi ukingo una mteremko mkali kiasi kwamba unapiga kafi saa mbili au tatu bila kuona pa kusimamisha hema. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, hupoteza mawasiliano nyuma ya milima. Kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe wa dharura, ambacho Uskoti ni cha tahadhari tu, hapa ni cha lazima.

Hartley Bay ina historia ambayo kila anayepita anapaswa kuijua. Usiku wa tarehe 22 Machi 2006 kivuko Queen of the North kiligonga mwamba kwenye kisiwa cha Gil na kuzama. Kilikuwa na watu 101. Wanakijiji wa Hartley Bay walitoka gizani na boti zao za uvuvi, wakaokota watu, wakawapa blanketi na chakula. Watu wawili hawakuonekana tena. Ninapowaambia watu waheshimu wenyeji wa pwani hii, sizungumzii adabu ya watalii. Nasema kwamba ukipata shida huko, wa kwanza kukufikia huenda akawa mvuvi wa kijiji.

Heshima hiyo ina upande wa vitendo. Ardhi ya umma ya British Columbia unaweza kulala bila malipo katika sehemu nyingi, lakini ardhi za jamii za wenyeji si za umma. Wasiliana na ofisi ya jamii kabla, uliza wapi panaruhusiwa, na usiguse nyumba za zamani wala nguzo zilizoanguka msituni. Watu hawa walikuwa wakisafiri mamia ya kilomita kwa mitumbwi ya mwerezi iliyochongwa gogo zima karne nyingi kabla ya Vancouver, na mwaka 1993 Bella Bella iliyapokea mataifa ya pwani yaliyokuja kwa mitumbwi kwenye mkusanyiko wa Qatuwas. Msafiri anayejua mtumbwi wa kuchonga atakuwa na la kuongea nao.

Halafu kuna wanyama. Dubu weusi wapo karibu kila mahali upande wa bara na kwenye visiwa vingi, dubu wa kahawia wapo hasa bara na vinywani mwa mito ya samoni, na mbwa mwitu hutembea fukweni. Hii inabadilisha jioni yako yote. Unapikia mbali na hema, kule maji yatakakopanda na kufuta harufu. Chakula, dawa ya meno na sabuni hupandishwa juu ya mti kwa kamba au hufungiwa kwenye pipa gumu. Dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu hairuhusiwi kwenye ndege, hivyo inunue ukifika. Uskoti unaweka sufuria kando ya hema na kulala.

Mvua: Ketchikan hupata zaidi ya mita 3.5 kwa mwaka. Julai na Agosti ndiyo afadhali, lakini afadhali hiyo bado ni mvua ya siku kadhaa mfululizo. Shuka kubwa la turubai la kufunga kwenye miti, chini yake upike na ukaushe soksi, litakufaa kuliko kitu kingine chochote kambini.

Kwa utabiri wa hali ya hewa Kanada imewazidi wengi. Redio ya VHF hutangaza mfululizo, mchana na usiku, na pamoja na utabiri husomwa hali halisi kutoka minara ya taa ambayo bado ina walinzi: upepo kiasi gani, bahari imekaaje, unaona umbali gani. Uskoti walinzi wa mwisho wa minara waliondoka mwaka 1998, na utabiri hutangazwa kwa saa maalumu. Kusikia mtu aliyeko mbele yako kilomita 20 akisema bahari imetulia kuna maana kuliko ramani yoyote ya rangi kwenye simu.

Helgeland, Norwei, kwa wanaofaa

Pwani kati ya Brønnøysund na Bodø inastahili kutajwa. Visiwa na miamba midogo ni maelfu, na hukinga maji ya ndani vizuri. Eneo la Vega limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2004, kwa sababu ya utamaduni wa wakazi waliotunza ndege wa bata-bahari na kukusanya manyoya yake. Njiani kuna mlima Torghatten wenye tundu la kutokea upande wa pili, na unavuka Mstari wa Aktiki, kwa hiyo Juni hakuna usiku. Sheria ya mwaka 1957 inakuruhusu kulala popote porini, mita 150 mbali na nyumba ya mtu, kwa kawaida si zaidi ya siku mbili mahali pamoja.

Kwa swali la kutokea, Helgeland inaishinda hata Uskoti: boti za abiria hupita visiwani na maduka hayapo mbali. Chakula ni ghali mno. Karibu na Bodø kuna Saltstraumen, mkondo unaotajwa miongoni mwa mikali kuliko yote duniani, lakini uko pembeni ya njia na huna haja ya kuupita. Kama unaogopa mikondo kuliko unavyoogopa bei, nenda Norwei.

Karatasi na kayaki yenyewe

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza kwa pwani zote tatu: ya Uingereza kwa Uskoti, ya Schengen kwa Norwei, ya Kanada kwa British Columbia. Anayevuka kwenda Alaska anahitaji ya Marekani pia, na anatakiwa kuripoti kwa maofisa wa forodha na uhamiaji anapoingia, ambao kwa njia hii wako Ketchikan, zaidi ya siku moja ya kafi baada ya mpaka. Panga nao kwa simu kabla ya kuondoka Prince Rupert. Hili peke yake linatosha kumfanya msafiri wa mara ya kwanza aishie Prince Rupert, na simwoni kuwa amepungukiwa na kitu.

Kayaki ya safari hizi ni ndefu, mita 5 au zaidi, nyembamba, yenye kuta za ndani zinazotenga mbele na nyuma ili maji yakiingia mahali ulipokaa isizame. Uskoti utaikodi kwa urahisi, na baadhi ya wakodishaji watakuja kukuchukua mwisho wa njia. Kwa Inside Passage, ukodishaji wa wiki nyingi wa njia moja ni mgumu na ghali, kwa hiyo wengi hununua iliyotumika Vancouver au Seattle na kuiuza wakimaliza. Kuna kayaki za kukunja zinazoingia kwenye begi la ndege. Ni vyombo vya baharini kweli, lakini kuiunga kunahitaji mazoezi, na mawe yenye kome na chaza hukwaruza ngozi yake. Beba viraka na gundi. Ndani yake panga vizito karibu na wewe, chini kabisa, vyepesi kwenye ncha. Maji ya kunywa ndiyo mzigo mkubwa, na pwani zote mbili zina vijito vingi, ila yachemshe au yachuje.

Mimi ningemshauri nani aende wapi

Mwenye wiki mbili au tatu, anayepiga kafi vizuri lakini hajawahi kuishi juu ya maji baridi, aende Uskoti mwezi Mei. Aanze na njia ya Argyll, na akijiona ana nguvu, asafiri tena Oban hadi Kyle. Atajifunza mikondo mahali ambapo kosa linagharimu saa sita za kusubiri na tikiti ya treni. Anayesafiri peke yake pia nampeleka huko huko. Inside Passage peke yako, katika safari yako ya kwanza ndefu, siiungi mkono.

Mwenye miezi miwili, mwenzake mmoja anayemwamini, na safari ya siku kumi au zaidi nyuma yake kwenye maji baridi, aende Port Hardy mwishoni mwa Juni. Ukimya wa pwani ile, siku nne bila kuona boti, nyangumi akipumua karibu na kafi yako asubuhi, Uskoti haina. Mwenye kiu ya nyangumi wauaji hasa, ajue wako kwenye mlango wa Johnstone, kusini mwa Port Hardy, ambako hujisugua kwenye kokoto za Robson Bight. Hifadhi hiyo imefungwa kwa vyombo vyote, kayaki zikiwemo, lakini nyangumi hao hupita nje yake pia, na kutoka kambi za jirani utawasikia.

Kwa familia, au kundi lenye viwango tofauti, Helgeland mwezi Julai.

Ukiamua Kanada, nafasi ya meli ya Prince Rupert uishike mapema, kwa sababu ratiba ya kiangazi hujaa, na umwambie wakala tangu mwanzo kwamba wewe ni abiria asiye na gari, mwenye kayaki. Kisha acha siku tatu tupu kabla ya tarehe ya meli. Watu wanaovuka Cape Caution siku mbaya mara nyingi ni wale wenye tikiti ya kesho.